Vidokezo 11 vya kuongoza taasisi bila kuvunjika

Umeteuliwa. Barua imetoka, watu wamekupongeza, jina limebandikwa mlangoni kidogo limepinda. Uwe mkuu wa shule, meneja wa SACCOS, mganga mfawidhi wa kituo cha afya au mkurugenzi wa shirika lenye watumishi kumi na wawili, miezi ya mwanzo huwa ya vigelegele. Baada ya hapo hoja za ukaguzi zinaanza kuingia, mfadhili anakawia, mhasibu anaomba kuacha kazi, na usiku unajikuta macho saa tisa ukihesabu mishahara.

Tumezoea kumsifu kiongozi mwenye kifua: wa kwanza kufika, wa mwisho kuondoka, simu haizimi, hasemi amechoka. Mimi simwamini sana huyo. Akiugua wiki moja, ofisi nzima inaugua. Vidokezo hivi vyote vinavutia upande mmoja: kuipanga kazi ili misukosuko isimwangukie mtu mmoja. Havikupangwa kwa uzito, kwa hiyo anza na kile kinachokuudhi.

1. Nenda likizo, na usiikate vipande

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa siku 21 za kazi. Sasa muulize mkurugenzi yeyote unayemfahamu alienda lini mara ya mwisho. Atakutajia siku tatu za msiba na mbili za harusi ya mdogo wake, na hizo nazo alikuwa na kompyuta mapajani.

Mabenki yana akili katika jambo hili, ingawa sababu yao si huruma. Benki nyingi humlazimisha mtumishi anayeshika fedha akae nje wiki mbili mfululizo kila mwaka bila kugusa mfumo, kwa sababu wizi mwingi wa ndani unamtaka mwizi awepo kila siku kuufunika. Mwingine akikalia kiti chake, mambo hujitokeza yenyewe. Chukua mantiki hiyo uitumie kwa nia njema. Wiki mbili usipokuwepo, ofisi itakuonyesha ilipo dhaifu: hati ya malipo iliyokwama kwa kuwa sahihi ni yako peke yako, neno la siri la mfumo wa kodi analolijua mtu mmoja, mzabuni asiyetaka kuongea na mwingine, kabati ambalo ufunguo wake uko kwenye mkoba wako. Ukirudi usianze na nani kakosea. Uliza nini kilisimama, kiandike, na kila kilichosimama kipate mtu wa pili.

Siku mbilimbili haziwezi kazi hii. Ofisi huzivumilia kwa kuahirisha kila kitu hadi urudi, na rundo la mafaili utakalolikuta mezani ni ushahidi kwamba hukuondoka.

2. Ukimkaimisha mtu, mwache akaimu

Kuna barua za kukaimu ambazo ni mapambo. Kaimu anapewa kiti na lawama, lakini sahihi ya benki hana, kibarua wa kufyeka uwanja hawezi kumwajiri, na kila baada ya saa moja simu inaita: "Umefikia wapi na lile?"

Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliacha uwaziri mkuu wa Tanganyika akamkabidhi Rashidi Kawawa, yeye akaenda kukijenga upya chama cha TANU. Kawawa hakuwekwa kulinda kiti. Aliendesha serikali karibu mwaka mzima, hadi Nyerere aliporudi Desemba 1962 akiwa Rais wa Jamhuri. Sababu za uamuzi ule zimejadiliwa sana. Ninachokipenda mimi ni kwamba nchi changa ilijua mapema, mwasisi wake akiwa hai na yuko karibu, kwamba mtu mwingine anaweza kuiendesha.

Wewe huna nchi, una ofisi ya vyumba vinne, kwa hiyo kazi ni nyepesi. Kwenye barua ya kaimu taja kiasi anachoweza kuidhinisha bila kukuuliza, mambo matatu ambayo lazima akupigie, na mjumbe wa bodi atakayemwendea ukiwa hupatikani. Kisha zima arifa za kundi la WhatsApp la kazini. Akiamua jambo ambalo wewe usingeliamua hivyo, na halijaleta hasara, liache. Ukirudi ukalifuta mbele ya watu, hutapata tena mtu wa kukukaimia kwa moyo.

3. Mshukuru aliyeleta habari mbaya kabla hujauliza lolote

Tuseme ni Jumatatu, saa tatu asubuhi. Mhasibu anabisha hodi, taarifa ya benki mkononi, na shilingi milioni nne na nusu hazionekani. Kabla hajamaliza sentensi anautazama uso wako. Ukiukunja, ukasema "Imekuwaje tena hii?", za leo mtazitafuta pamoja, lakini za mwezi ujao hutaambiwa mpaka mkaguzi azikute. Sema, "Asante kwa kuniletea leo, funga mlango tukae." Hasira, kama ipo, itasubiri. Haiozi.

Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alipochunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali miaka ya 1990, alikuta jambo lililomchanganya: wodi zenye uongozi mzuri na ushirikiano ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye rekodi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba wauguzi wale hawakuwa wakikosea kuliko wenzao. Walikuwa hawaogopi kusema. Basi ikiwa huu ni mwezi wa tatu na hakuna tatizo lililofika mezani kwako, usifurahi. Yapo, ila yanapita mlango mwingine.

Usisubiri waje wenyewe. Dereva, mlinzi na mhudumu wanaona mengi, lakini usiwageuze wapelelezi. Siku wenzao wakigundua, umewapoteza wote. Waulize habari za kazi yao tu: gari, geti, jiko. Dereva akikuambia matairi yaliagizwa tangu Machi na hayajafika, umeshaijua idara ya ununuzi kuliko ripoti yake ya robo mwaka.

4. Kaeni matanga kabla ya msiba

Mwanasaikolojia Gary Klein aliieleza mbinu hii mwaka 2007, na ni rahisi kuliko semina yoyote ya hotelini. Kabla mradi haujaanza, wakusanye watu wako uwaambie: "Ni Juni mwakani. Mradi umekufa, na umekufa kabisa. Andikeni umekufa kwa nini." Dakika tano, karatasi na kalamu, kimya.

Hicho kimya kina kazi kubwa. Vikao vyetu tunavijua: mwenyekiti anazungumza, wa pili anasema "naunga mkono hoja", wa tatu anamuunga mkono aliyeunga mkono, tunakwenda kula. Anayejua kwamba boti ya vifaa vya Mafia itasumbuka msimu wa kusi hanyanyui mkono baada ya hapo. Ukimpa karatasi kabla bosi hajasema anachotaka, ataandika. Karatasi zisomwe kwa sauti bila majina, ya kiongozi iwe ya mwisho. Chagueni sababu mbili au tatu mnazoweza kuzizuia mzipangie kazi. Zilizobaki mzijue tu.

5. Amua ukiwa umetulia, kisha ubandike ukutani

Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji, lilichagua hospitali nane katika miji nane. London ilikuwemo, na Toronto, Seattle, New Delhi, Manila, Amman na Auckland. Ya nane ilikuwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yalichapishwa 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 ya wagonjwa waliopasuliwa hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha yenyewe ni karatasi moja yenye vipengele 19. Kimojawapo kinamtaka kila aliyemo chumbani ataje jina na kazi yake kabla kisu hakijagusa ngozi. Watu wanaofanya kazi pamoja kila siku huona ni mchezo wa kuigiza. Lakini muuguzi ambaye sauti yake imeshasikika mara moja chumbani hapati tabu sana baadaye kusema, "Daktari, subiri kidogo."

Tengeneza za kwako. Moto. Mtumishi kufariki akiwa safarini kikazi. Mishahara kuchelewa. Mwandishi wa habari kupiga simu akiwa na tuhuma mkononi. Kila tukio liwe na ukurasa mmoja: nani anapigiwa kwanza, nani peke yake anazungumza na watu wa nje, na kitu gani kisiguswe. Siku yenyewe ikifika, kichwa chako hakitakuwa chako.

6. Namba mbaya zikae ukurasa wa kwanza

Mwaka 1993 Equity Building Society ya Kenya, iliyoanzishwa 1984, ilikuwa taabani. Kihesabu ilikuwa imefilisika, na zaidi ya nusu ya mikopo yake ilikuwa hailipwi. James Mwangi aliingia kipindi hicho, watu wengine wakitafuta mlango wa kutokea. Taasisi ikaachana na kung'ang'ania mikopo ya nyumba, ikawageukia wateja wadogo ambao mabenki makubwa yalikuwa yakiwafungia milango. Ilipata leseni ya benki 2004, ikaingia Soko la Hisa la Nairobi 2006. Hadithi hii husimuliwa sana kwenye makongamano kwa sababu ya mwisho wake. Mimi ningependa isimuliwe kwa sababu ya mwanzo: mwelekeo ulibadilika kwa kuwa ilishakuwa wazi ni mikopo mingapi imekufa, na hakuna aliyeendelea kuipaka rangi.

Fungua ripoti yako ya mwezi. Kama ukurasa wa kwanza una picha ya semina, ihamishe. Hapo ziwekwe namba tatu usizozipenda: mikopo chechefu au madai yaliyopitisha siku 90, fedha iliyopo inatosha mishahara ya miezi mingapi, na watumishi wangapi wameondoka mwaka huu. Mkutano mkuu utakuuliza hayohayo, tena kwa ukali, kupitia yule mzee wa safu ya nyuma ambaye kila mwaka huja na kabrasha la mwaka jana limepigiwa mistari ya wino mwekundu. Afadhali uwe umeyazoea.

7. Ujue nini kitabaki ofisi ikifungwa

Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Katika kisasi kilichofuata, shirika lake la kupanda miti, Green Belt Movement, lilitimuliwa kwenye ofisi za serikali lilizokuwa likitumia, na kazi ikahamia nyumbani kwake South C. Jengo halikujengwa. Harakati iliendelea, na mwaka 2004 yeye akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Watu husifu ujasiri wake, na wana haki. Ila tazama pia shirika lilivyoundwa. Uti wa mgongo wake haukuwa Nairobi. Ulikuwa kwenye vikundi vya wanawake vyenye vitalu vyao vijijini, waliolipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Kazi ya ofisi ilikuwa kuratibu, kuhesabu na kulipa, na hayo yanawezekana hata sebuleni. Ukiwafukuza mlangoni, miti haikuwa mlangoni.

Swali la nini kitabaki wengi walilikumbuka kwa uchungu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Mashirika ya afya Tanzania, Kenya na Uganda yalipata maagizo ya kusimamisha kazi, na wahudumu waliozoea kuwafuata wagonjwa majumbani wakaambiwa wabaki kwao. Huwezi kumlaumu mkurugenzi kwa uamuzi uliofanyika Washington. Unaweza kumuuliza kama bodi yake iliwahi kukaa na swali hili: mapato yakikatika nusu kesho asubuhi, kazi ipi inaendelea, na watu gani, kwa miezi mingapi? Jibu liwe limeandikwa kwenye muhtasari wa kikao na kusainiwa. Najua wafadhili wengi hawaruhusu fedha yao iwekwe akiba. Ndiyo maana kijito kidogo cha ndani, iwe ada za wanachama, ukumbi wa kukodisha au mashine ya kusaga, kina thamani kupita shilingi zinazoonekana kwenye vitabu.

8. Lawama ibebe mapema, kwa sentensi fupi

Sikiliza namna mbili za kulieleza jambo moja kwenye mkutano wa wanachama. Ya kwanza: "Ndugu wanachama, katika kipindi husika kulijitokeza changamoto mbalimbali zilizopelekea baadhi ya mikopo kutorejeshwa kwa wakati." Ya pili: "Mkopo wa yule mfanyabiashara wa mahindi tuliupitisha sisi, kamati ya mikopo na mimi. Dhamana hatukwenda kuiona. Tumeshabadilisha utaratibu, nitawaeleza." Ya kwanza inaleta saa mbili za kelele. Ya pili inaleta maswali makali kwa dakika ishirini, kisha watu wanataka kusikia utaratibu mpya.

Mfano mkubwa tunao nyumbani. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi kwa sababu ya mateso na vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza. Hakuwa ameagiza wala kushiriki. Wizara ilikuwa yake, basi. Akapelekwa Misri kuwa balozi, na wengi walidhani ndiyo imetoka hiyo. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Sisemi kila anayejiuzulu atapata urais. Na tafadhali usijiuzulu kwa sababu printa imeibiwa. Lakini ukichelewa wiki moja kusema "hili ni langu", wiki hiyo watu wataijaza kwa habari zao.

9. Pima presha

Ndiyo, wewe. Haichukui dakika tano, na kwa kawaida presha ya kupanda haipigi hodi.

10. Ujumbe wa saa tano usiku ulale kwenye simu

Umerudi kwenye kikao kibaya na wizara au na mfadhili. Umekula huku umesimama. Unafungua kundi la watumishi na kuandika: "KESHO SAA MBILI KAMILI WOTE OFISINI. ATAKAYECHELEWA AJIELEZE KWA MAANDISHI." Usitume. Bakiza hapohapo, ulale, uusome saa kumi na mbili asubuhi. Mara nyingi utakuta watatu tu ndio waliohusika na kazi iliyoharibika, na mmoja wao yuko likizo ya uzazi.

Ukiutuma, watu ishirini wanalala vibaya, watano wanampigia katibu muhtasi kuuliza kuna nini, na kufika asubuhi kuna uvumi wa kupunguzwa kazi. Siku tatu utazima moto ulioukoka mwenyewe. Kama jambo kweli ni la dharura, mpigie simu mtu mmoja anayehusika umweleze kwa sauti ya kawaida. Herufi kubwa zisubiri moto wa kweli, na huo tulishauandikia karatasi kwenye kidokezo cha tano.

11. Mtafute aliyekikalia kiti hicho kabla yako

Bosi mpya ana ugonjwa mmoja: kuitaja kila mara "ile menejimenti iliyopita". Wadau wanacheka, yeye anaonekana mrekebishaji, na kwa kufanya hivyo anaufunga mlango wa mtu pekee anayejua kwa nini ule mkataba wa usafi umeandikwa kwa namna ya ajabu, au kwa nini diwani hataki kukanyaga pale.

Mpigie. Nenda kwake Jumamosi bila gari la ofisi wala msaidizi, ushike mkate au kilo mbili za sukari kama unavyokwenda kwa mkubwa wako. Usimuulize alikosea wapi. Muulize mambo matatu: nini kilikuwa kinakunyima usingizi, nani alikuambia ukweli, na jambo gani ulitaka kulifanya muda ukakuishia. Anza kwa kumwamkia, mwache ajitetee nusu saa ya kwanza, kila mtu ana haki hiyo. Ya maana huja chai ikishamiminwa mara ya pili. Mengine atakayokuambia yatakuwa yamepitwa na wakati, mengine ni chuki zake na mhasibu, na hayo utayachuja mwenyewe njiani. Daftari liwe mfukoni, usilitoe mbele yake. Andika ukishafika kwenye daladala.